Picha Nilizoangalia Nikisubiri Sindano

Kama umeambiwa una kifua kikuu na sasa umekaa kwenye benchi unamsubiri mtu mwenye trei ya dawa, nakuandikia wewe. Mimi nimemaliza. Nimepona, nimenenepa, na gauni langu la kitenge linanibana kwapani. Sijalipeleka kwa fundi kulipanua kwa sababu napenda kulisikia linavyobana. Habari za vijidudu sikuelezi, hizo zina watu wake, nao wakikueleza haraka haraka waambie waanze upya. Nitakueleza habari ya kusubiri, na habari ya video, maana ugonjwa wangu niliupitia nikiangalia video, na picha moja ilikaribia kuninyang'anya mwanangu.

Naitwa Adelina. Kwetu ni Ngara, kilima kinachotazamana na kambi ya wakimbizi. Nimeolewa Runazi, Biharamulo, na Renatus, ambaye miaka ile alikuwa dereva wa lori la mahindi ya msaada, kwa hiyo nyumbani alikuwa mgeni kuliko wageni wenyewe. Kikohozi kilinianza tukivuna maharage. Nikasema vumbi la maganda. Maharage yakaisha, vumbi likaisha, mimi bado nakohoa. Nikilala na kanga, asubuhi unaikamua kama imetoka mtoni. Sketi zikaanza kunishuka kiunoni, nikawa nazifunga kwa kamba ya katani.

Siku niliyojua kwamba watu wamejua ilikuwa siku ya pombe ya mtama kwa mama mkwe. Pale mtungi ni mmoja na mrija unapita mkono kwa mkono. Zamu yangu ikafika, nikavuta, nikakohoa, nikampa wifi yangu Editha. Editha akaushika mrija, akautazama, akaupitisha kwa jirani bila kuuweka mdomoni. Jirani naye hivyo hivyo. Ulipomfikia mama mkwe, akauvunja vipande viwili akatuma uletwe mwingine. Hakuna aliyenitukana.

Wiki ile ile mama mkwe akamchukua Jovina, mwanangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Akasema, nenda kwenu ukatibiwe kambini, kuna madaktari, mtoto abaki hapa, ukipona utamchukua. Nilikubali, na ningekubali tena, maana hata muuguzi wa zahanati alinikataza kumkoholea mtoto. Lakini kukubali kwa mdomo ni kitu kimoja. Tulipofika pale magari yanaposubiriana ili polisi wayasindikize kwa ajili ya majambazi, maziwa yalikuwa yameshanijaa, yamelowesha blauzi yote. Utingo akanipa gunia tupu la mahindi nijifunike kifuani. Sijawahi kumsahau.

Hospitali ya kambini ilitibu wakimbizi na sisi wenyeji bila kubagua. Wagonjwa wa kifua tulikuwa na banda letu pembeni, limeezekwa turubai la bluu, mabenchi ni magogo. Miezi miwili ya kwanza unakuja kila asubuhi: sindano, halafu vidonge unavimeza muuguzi akikuangalia koo. Tatizo lilikuwa kusubiri. Trei ya vidonge ilikuja ikitaka, na watu walikuwa wanachoka wanajiondokea, huyu ana kuni za kutafuta, yule ana foleni ya mgao wa unga.

Aliyeliponya hilo banda ni Saidi. Saidi alikuwa mgonjwa kama sisi, ila ni mtu wa kwao, wa familia yenye nafasi. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Ngara mjini, na Saidi hata akiwa amebaki mifupa alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Aliwaambia wakubwa wa hospitali kwamba ana televisheni na deki vimekaa bure dukani, na hospitali ina jenereta. Tangu siku ile hakuna aliyetoroka. Saidi anaweka mkanda, anasimama pembeni na fimbo kama mwalimu, anatafsiri. Muuguzi wetu, Bwana Filbert, anatuita mmoja mmoja nyuma ya pazia kwa sindano, picha inaendelea. Trei ya vidonge ikiingia, televisheni inazimwa. Iwe steringi yuko juu ya paa au yuko mikononi mwa adui, inazimwa. Kwa hiyo mimi katika maisha yangu ya ugonjwa sijawahi kuona mwisho wa picha hata moja. Miisho yote tulisimuliwa na Saidi.

Picha za karate ndizo nilizozipenda kuliko zote, na sioni aibu. Sindano ile inauma siku nzima, unakaa upande mmoja kama kuku aliyevunjika mguu, na ukiwa katika hali hiyo unataka kuona mtu anapigwa. Lakini nina malalamiko. Mtu anapigwa teke la kifua anaruka ukuta, anaangukia meza, anasimama anafuta mdomo. Mimi nilikuwa nikipanda kile kilima cha hospitali nakaa chini kila baada ya miti michache, watoto wanaosomba maji wananipita wakicheka. Halafu yule mzee mwenye nyusi nyeupe ana wanafunzi tele, na sijaona anayewapikia. Konsolata, jirani yangu wa benchi, mama wa Kirundi mwenye umri wa mama yangu mdogo, alisema hao wamo kwenye mgao, bila shaka wana kadi.

Picha la Kihindi ndilo lililonitia hasira. Lilikuwa refu, tuliliangalia siku tatu na bado. Binti anapendwa na kijana, binti anaanza kukohoa. Anakohoa mara mbili, anatoa leso nyeupe, kuna tone moja jekundu limekaa katikati kama ua. Rangi ya mdomo iko pale pale. Nywele ziko pale pale. Kisha anapanda mlima anaimba. Nikamwambia Konsolata, huyu aliyeicheza hii hajawahi kuugua hata mafua. Kifua kikuu hakikuachii pumzi ya kumwita mtoto aliye uani, sembuse kuimba mlima mzima. Na mwenye kifua hapendezi. Nilikuwa na mabega kama kitundikio cha nguo. Vidonge vinakufanya ukojoe mkojo mwekundu, na kama hukuambiwa mapema utadhani unakufa siku hiyo. Nakuambia sasa: ni dawa, usipige kelele chooni kama nilivyopiga mimi. Ila banda zima lilimlilia yule binti, wanaume kwa wanawake, na wakati tunalia tulisahau kuhesabu nani jana alikuwepo na leo hayupo. Kwa hilo nalipa sifa lile picha la Kihindi.

Picha ya vita iliwekwa siku moja tu. Mwanajeshi mmoja, kifua wazi, anamaliza kijiji. Wenyeji tulikuwa tunashangilia. Nikageuka kumwambia Konsolata kitu, nikakuta amegeuza mgongo anatazama nje kwenye mvua, na wakimbizi wengine pia, safu nzima wameipa televisheni migongo. Saidi akaacha kutafsiri. Konsolata akasema bila kugeuka, "Huyo bunduki yake haiishi risasi. Na sisi hatukupigiwa muziki." Saidi akatoa mkanda. Siku hiyo trei ilikuja mapema.

Kulikuwa na picha ya hospitali yenyewe pia. Mzee anakohoa, anaenda kupimwa makohozi, anameza dawa, anapona, anatabasamu na jembe begani. Kila kitu ndani yake ni kweli na hakuna aliyeweza kuiangalia bila kusinzia. Nimeifikiria sana ile picha. Waliosema kweli hawakujua kuisimulia, na aliyejua kusimulia ndiye aliyetudanganya.

Ilikuwa mwezi wa pili wa dawa, mvua kubwa zimeanza. Nilianza kupata nafuu. Jasho la usiku lilikauka, nikaanza kuitamani dagaa. Nikatuma neno kwa Renatus kwamba nataka nimwone mtoto, hata kwa mbali. Mama mkwe akaja naye mwenyewe, kwa lori la mwanawe. Hilo nalisema ili ujue si mwanamke mbaya. Njia ile ilikuwa ya kuogopwa, naye aliipita kwa ajili yangu. Jovina alikuwa anatembea. Aliniangalia, akajificha kwenye kanga ya bibi yake. Bwana Filbert akawaambia wakae upande ulio wazi, hewa inakopita, wasubiri nimalize sindano. Basi wakakaa wakiangalia video.

Siku hiyo ilikuwa picha ya Kinaijeria. Mwanamke mwenye mtoto mchanga anakohoa kwenye taulo. Mimi niko nyuma ya pazia, sioni, nasikia. Na Kiingereza nakijua, nimemaliza kidato cha nne. Nilimsikia wifi wa yule mwanamke akimnong'oneza mtu kwamba ameshatia sumu kwenye supu, na akaeleza ni kwa nini. Halafu nikasikia Saidi.

"Mnamwona huyu? Kayataka mwenyewe. Ukimwi huo, kaupata kwa yule tajiri wa gari nyeupe. Na hicho kitoto mnachokiona kinanyonya, hakifiki sikukuu. Anakiua kwa ziwa lake."

Banda likaguna. Nikataka kuinuka. Bwana Filbert akasema nisitikisike, sindano iko ndani, itakatika. Basi nikalala pale kwa tumbo, meno nimeyauma, nikisikiliza mtu anavyonizika.

Nilipotoka, trei ilikuwa imeingia na televisheni imezimwa. Mama mkwe alikuwa anamfunga Jovina mgongoni.

"Nimeona," akaniambia. "Nimeona kwa macho yangu, Mama Jovina. Huyu simleti tena."

Nikamwambia ni uongo, nikamwambia nimepimwa huo ukimwi na sina, nikamwambia mtoto naye alishapimwa kifua akaonekana hana kitu. Watu wa banda walitutazama kama vile mkanda umerudishwa kuendelea. Mama mkwe akaenda kukaa kwenye lori, akafunga kioo. Mimi kwa miguu ile nisingeweza kumfukuza hata kuku.

Nikamrudia Saidi. Yale niliyomwambia mwanzoni siyaandiki. Alipopata nafasi ya kupumua akasema, dada, mimi natafsiri tu.

"Unatafsiri nini? Yule mwanamke kawekewa sumu na wifi yake."

"Sumu haina ladha, dada. Watu walikuwa wanasinzia. Nikiwaacha wasinzie wanaondoka kabla ya vidonge."

"Mimi sina ukimwi, Saidi. Umenipa wewe kwa mdomo wako mbele ya mama mkwe wangu."

Konsolata akanivuta mkono nikae. Akasema polepole, "Mimi ninao. Na watoto wangu niliwanyonyesha, nikakimbia nao, wako hai wanakula." Kisha akamtazama Saidi, si mimi. "Usimtungie mtu kifo cha mtoto wake, wewe kijana. Wengine hapa hatuhitaji kutungiwa."

Saidi alikaa chini. Nami nikaona maneno yangu ya kusema "sina" yalikuwa na kiburi ndani yake.

Miezi miwili ya kwanza ilipotimia, sindano zikaisha, makohozi yakaonekana safi, nikawa nachukua vidonge vya mwezi nameza nyumbani kwa mama. Hapa ndipo wengi huacha, kwa kuwa mwili umerudi na unajiona mjanja. Usiache. Mimi sikuacha kwa sababu ya hasira. Kila kidonge nilikimeza kama namjibu mtu. Mama yangu alikuwa ananikoroga uji wa mtama asubuhi na ananisimamia kama Bwana Filbert, ananiambia fungua mdomo, inua ulimi. Matiti yalikauka. Nywele zilizokuwa zimekatika mbele zikaanza kuota, fupi, laini, kama za mtoto.

Renatus akipita na lori alileta salamu. Jovina anakula vizuri. Jovina anasema maji, anasema kuku. Anamwita bibi yake mama. Nikamwuliza, na wewe mwenye mtoto umemwambia nini mama yako? Akakuna usukani, akasema mama ameona kwenye video.

"Na mimi unanionea wapi?" nikamwuliza. "Mimi niko hapa kwenye dirisha la gari lako."

Akasema nisimkoroge, yeye yuko katikati. Nikamwambia katikati ndipo lori linapokanyaga watu, akae upande. Aliondoka amekasirika. Safari iliyofuata alikuja amenunua sukari na sabuni, akasema dozi ikiisha twende wote. Sikumshukuru sana. Nilimpa chai.

Kumbe nilikuwa nimeelewa jambo moja. Mama mkwe hangenisikia mimi, hangemsikia daktari, wala mwanawe. Alimwamini yule mtu wa fimbo. Kwa hiyo ni lazima yule mtu wa fimbo aende. Nikamwambia Saidi. Akasema ana duka, ana mke, njia ina majambazi. Basi nikaanza kwenda bandani kila asubuhi, ingawa sindano sina, nakaa benchi la mbele. Akisema jambazi amemwua baba wa binti, mimi nasema hapana, amemwuliza saa. Akisema wanaagana kwa machozi, mimi nasema wanazungumzia bei ya nyumba. Wagonjwa walipenda. Walianza kunigeukia mimi kila midomo ilipotikisika. Saidi akavumilia kidogo, halafu akanijia na fimbo yake kwapani akauliza lori linaondoka lini.

Kiangazi kilikuwa kimekolea, nyasi zimekauka, dozi nimeimaliza, mtu wa maabara ameniambia sina kitu. Tulimkuta mama mkwe uani anapukuchua mahindi na Editha. Jovina alikuwa amekaa kwenye ungo. Hakunitambua. Nilijua ingekuwa hivyo, na kujua hakukunisaidia.

Saidi akatoa kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa televisheni."

"Ndimi, mama. Nimekuja kusema lile la mtoto nilitunga."

Mama mkwe akaweka gunzi chini. "Lipi ulitunga?"

"Kwamba atakufa. Hakufa."

"Na mama yake je, ule ugonjwa?"

"Hakuwa nao. Aliwekewa sumu kwenye supu."

"Na nani?"

"Na wifi yake."

Mama mkwe akageuka polepole akamtazama Editha. Na mimi nikamtazama. Hata Renatus.

"Mbona mnaniangalia mimi?" Editha akasema. "Mimi hata supu sipiki."

Renatus ndiye aliyeanza kucheka, Saidi akafuata, akakohoa kwa kucheka, akajiziba mdomo haraka. Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Nimemlilia yule mtoto wa watu. Nimemwombea rozari miezi yote hii." Halafu kwangu: "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ulikuwa wapi usiseme pale pale?"

"Nyuma ya pazia. Nimechomwa sindano, nimelazwa kwa tumbo."

Akachukua hindi jingine, akalizungusha bila kulipukuchua. Nilidhani ananitafutia kosa jingine, nikaanza kupanga majibu. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwamba haikuwa video tu. Mdogo wake aliyemfuata alikohoa hivi hivi, zamani, Renatus hajazaliwa. Watu wakasema mtoto aondolewe kwa mama yake, na yeye ndiye aliyewakatalia, akasema mtoto wa mtu hanyang'anywi ziwa. Akawazika wote wawili. "Nikaapa sitakuwa na huruma tena mara ya pili," akasema.

Miezi yote ile nilikuwa nimebeba hasira mpaka Runazi, nimeifunga vizuri, na sasa sikujua niiweke wapi. Nikamwambia tu kwamba huyo mdogo wake hakupata vidonge, mimi nimevipata, nimevimaliza, hata vile vilivyonitapisha.

Akaniambia nigeuke. Akainua blauzi yangu, akaweka kiganja mgongoni, mkono mkavu wa vumbi la mahindi, akasema vuta pumzi. Nikavuta. Toa. Vuta tena. Alihamisha mkono, kushoto, kulia, chini ya mbavu, kama anavyofanya kwa watoto wake wote wakiwa na homa. Hakuna daktari aliyenipima muda mrefu vile.

Akateremsha blauzi. "Mchukue," akasema.

Jovina alipiga kelele ambazo zilisikika mpaka barabarani. Alinipiga usoni, akanivuta zile nywele mpya, akamwita bibi yake mama, mama, mama. Nikamfunga mgongoni hivyo hivyo. Nyumba yetu iko ng'ambo ya bonde, unashuka halafu unapanda kilima kirefu. Tulipofika mtoni nikasikia miguu nyuma. Ni mama mkwe, ana mkeka kwapani na kibuyu cha uji, anasema mtoto hatalala bila yeye, atakaa siku chache mpaka azoee. Nikamwambia karibu, mama. Ningesema nini?

Tukaanza kupanda. Jovina ananipiga mateke ya figo, analia, na mimi napanda. Niliupita mti wa kwanza bila kukaa. Nikaupita wa pili. Kifua kinafunguka na kujifunga kimya kimya kama mlango uliotiwa mafuta. Nikasikia kwa nyuma mama mkwe anahema.

"Punguza mwendo, Mama Jovina," akasema. "Wengine tuna pumzi fupi."

Sikupunguza.